Meno Yangu katika Nchi ya Ndivyo

Atakayeniuliza nilifikaje Ndivyo sina la kumjibu. Nilifika. Njia haikuwa na kitu cha kusimulia ila vumbi na ndara iliyobanduka soli. Nitakayoyaeleza ni yale niliyoyaona nikiwa nimeketi, kwani kwa umri wangu mtu huiona dunia zaidi akiwa ameketi, na akisimama huona nyota.

Kwanza mnijue, msije mkadhani anayewasimulia ni msomi. Naitwa Somoe binti Nassoro, kwetu Lindi. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa sababu Mwalimu Chilumba alichoka kuniona. Kusoma najua. Kuandika najua, ingawa mistari yangu hupanda mlima. Kilichonishinda ni kugawanya. Nilichapwa kwa ajili ya kugawanya mpaka nikawa sigawi hata chakula.

Napenda vitu viwili duniani: korosho za kukaanga na kusifiwa. Cha kwanza kinahitaji meno. Cha pili hakihitaji kitu, ndiyo maana ni cha hatari.

Sasa, meno. Yamenibakia machache, na katika hayo ni magego mawili tu ya kulia, la juu na la chini, yanayokutana. Mengine yapo kama wazee wa kamati: kila mmoja kakaa mahali pake na hakuna anachosaga. Kwa hiyo magego yangu yale mawili nayatunza kuliko dhahabu. Dhahabu huwezi kutafunia korosho.

Langoni mwa Ndivyo nilipokewa na Afisa Mridhisho, Mkadiriaji Mkuu, bwana mmoja mrefu, shati limenyooka, tabasamu halifungi hata inzi akipita. Alinivisha shingoni kompyuta ndogo bapa, ukubwa wa kisahani cha chai, yenye sauti nyororo kama ya mke mdogo.

"Hiki ni Kifuasi, Bibi," akasema. "Ndicho mwalimu wetu. Kila raia ana chake tangu anapoachishwa ziwa. Kinamsoma mtu, kinajua anapoweza na anapochoka, kisha kinamfundisha kwa kadiri yake mwenyewe, si ya jirani."

"Na nikishindwa?"

Afisa akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyesikia tusi msikitini. "Neno hilo hatuna, Bibi. Sheria yetu ya kwanza yasema: swali limfuate mtu, mtu asilifuate swali."

"Mwanangu, ningezaliwa huku ningekuwa waziri."

"Hujachelewa," akajibu, na usoni hakuwa na mzaha. Baadaye nilimwona Waziri wao wa Mipango. Alikuwa anahesabu mpaka saba, na mipango yote ya nchi ilikuwa imepangwa iishie saba.

Nikapangiwa kukaa kwa mama mmoja mjane aitwaye Semeni, mpole, mkarimu, ambaye aliniandalia uji mchana. Usiku akaniandalia uji. Siku ya pili nikamuuliza kwa adabu kama ugali kwao ni mwiko.

"Huu ndio ugali," akasema kwa haya. "Nilipokuwa najifunza ulinitoka mwepesi. Kifuasi changu kikaniambia, 'Vizuri sana, Semeni, uji mzuri huo.' Basi nikawa hodari wa uji."

Nami nikanywa, nikausifu. Nilikuwa mgeni, na mgeni hana budi kuwa mwongo kidogo.

Jioni ile Kifuasi kikaniamsha kutoka kwenye usingizi wa kuketi. "Bibi Somoe, una korosho kumi na mbili. Wagawie watoto watatu sawasawa. Kila mmoja atapata ngapi?"

Mgongo ukaniwasha palepale alipozoea kupiga Mwalimu Chilumba. Nikafumba macho nikasema, "Tano."

Nikangojea fimbo.

"Vizuri sana! Basi tuongeze korosho tatu, ziwe kumi na tano."

Nikafumbua jicho moja. Kikaendelea: "Korosho ishirini, watoto wanne."

"Sita."

"Vizuri sana! Zimeongezeka nne. Ziko ishirini na nne."

Nikaona hapa pana mchezo, na mchezo naupenda. Nikasema, "Hawapati kitu. Nimezila zote mimi."

Hapo kilifikiri kwa muda mrefu, mpaka nikasikia kikipata moto kifuani kwangu. Mwishowe kikasema, "Vizuri sana, Bibi! Tuseme korosho hazikuwapo. Sifuri kwa wanne ni sifuri. Una kipaji."

Jamani. Nimezaa, nimezika, nimeuza maandazi miaka mingi sokoni, na hakuna aliyewahi kuniambia nina kipaji. Nilijua kabisa kinanidanganya. Nilikijua kama ninavyomjua mchuuzi anayeniita "dada". Lakini tangu lini mwanamke akarudi nyumbani akaandamana kwa sababu kaitwa dada? Nikakiambia, "Leta jingine."

Basi nikasoma. Nikasoma asubuhi, nikasoma mchana, kila nilichokijibu kikawa ndicho. Jiografia niliipatia yote, Lindi ikawa mji mkuu wa mahali pengi. Haukupita muda wakanitunuku cheo cha Msomi wa Daraja la Juu, wakanivika joho la zambarau lenye nyuzi za dhahabu. Nilitembea nalo mjini. Nilikwenda nalo sokoni. Nilikwenda nalo msalani, na hapo nilijuta kidogo kwa sababu lilikuwa refu.

Siku moja Semeni akanichukua kwenye Baraza kusikiliza mjadala wa daraja. Mto wa Ndivyo ni mpana, na mashamba mazuri yote yako ng'ambo. Fundi wao mkuu alikuwa amejenga daraja likaishia katikati ya maji. Hakuwa mvivu. Alipokuwa anajifunza, kila daraja lake lilipopungua, Kifuasi chake kilikuwa kinausogeza ukingo wa pili kwenye picha, kinasema vizuri sana. Alipofika kwenye mto wenyewe, ukingo haukusogea.

Wajumbe walibishana kwa heshima kubwa. Upande mmoja ulitaka mto upunguzwe. Upande wa pili ulisema ni ukatili kuwapimia watu wote mto mzima uleule. Mtu akifika katikati, na katikati ndiyo kadiri yake, ahesabiwe kuwa amevuka.

"Na magugu kule ng'ambo?" akauliza mzee mmoja. "Njaa je?"

"Swali zuri sana," akajibu Afisa Mridhisho, akampa mkono. Mzee akakaa, amefurahi, na hajajibiwa mpaka leo.

Upande wa pili ukashinda. Daraja likafunguliwa kwa ngoma. Watu wakapanga foleni, wanakwenda mpaka ubao wa mwisho, wanapigiwa makofi, wanarudi. Nami nilikwenda, joho langu linapepea. Nikasimama ubao wa mwisho, maji yanapita chini ya vidole vyangu, mashamba yakiwa mbali vilevile. "Bibi amevuka!" wakashangilia. Na mimi, Somoe, mwenye macho, niliinua mikono nikawapungia kama niliyevuka.

Wakati wa kurudi nikamnong'oneza Semeni, "Hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia fundi yule kwamba amekosea?"

Semeni akaniziba mdomo. "Usilitaje, Bibi! Ukimwambia mtu neno hilo usoni, Kifuasi chake hulia kama mbuzi anayechinjwa, nawe unapelekwa Barazani."

"Barazani wanakufanyaje?"

"Hakuna anayejua. Hakuna aliyewahi kupelekwa."

Nikacheka. Nikasema watu wengine wana shida. Usiku huohuo jino likaniamsha.

Wanaolijua jino hawahitaji maelezo, na wasiolijua Mungu awaepushie. Lilianzia shavu la kulia, likapanda sikioni, likashuka shingoni, likarudi. Niliuma kanga. Nilisukutua maji ya chumvi. Nilikiambia Kifuasi, "Naumwa," nacho kikaniambia, "Vizuri sana, umelitambua." Asubuhi Semeni akanipeleka kwa mganga wa meno.

Daktari Faraji alikuwa kijana wa haya, mikono safi, sauti ya chini. Ukutani alitundika vyeti vyake, na mezani palikuwa na taya la mbao alilojifunzia. Baadaye aliniambia lilivyofanya kazi: kila jino aliloling'oa, Kifuasi kilikuwa kinasema lilikuwa ndilo bovu. Hakuwahi kung'oa jino zima maishani mwake. Kila alilolishika lilikuwa bovu.

"Lipi, Bibi?" akaniuliza.

Sasa hapa nataka mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo ujinga wangu ulipovaa joho. Upande wa kulia, nyuma ya yale magego yangu mawili yanayokutana, kulikuwa na vitu viwili: juu, gego moja lililofiwa na mwenzake, zima lakini halina kazi, na chini yake, kisiki cha jino lililovunjika zamani. Maumivu yalikuwa yamejaa kote. Nikanyoosha kidole kwa madaha nikaonyesha lile la juu.

Faraji akachukua chuma chake akaligonga la juu. Kimya. Akagonga kisiki cha chini. Nikaruka nikaipiga teke meza, taya la mbao likaanguka.

Akasimama. Nilimwona. Aliangalia kisiki, akaangalia kidole changu, mdomo wake ukafunguka kama mtu anayetaka kupiga chafya.

"Bibi... una hakika?"

"Daktari," nikamwambia, nikivuta joho begani, "unazungumza na Msomi wa Daraja la Juu."

"Mgonjwa amejibu," kikasema Kifuasi chake. "Vizuri sana!"

Akaling'oa. Likatoka jeupe, limenyooka, halina doa, kama korosho iliyomenywa. Tukalitazama sote wawili kwenye sahani. Maumivu yakangoja kidogo, kwa heshima ya marehemu, kisha yakaanza upya.

"Bado linauma," nikasema.

"Vizuri sana," kikasema Kifuasi changu. "Umeng'oa jino. Sasa tunaanza somo la jino la pili. Lipi, Bibi?"

Mnajua mtu anayeumwa anavyofikiri. Nikasema, kama si la juu ni la chini. Nikaingiza kidole, nikapapasa, machozi yananitoka, nikashika gego la chini. Si kisiki. Gego. Moja katika yale mawili. Nilipolibonyeza maumivu yaliruka, kwa sababu kidole changu kilikuwa kinene na kisiki kilikuwa jirani, lakini nani atafanya uchunguzi akiwa katika hali ile?

"Hili hapa," nikasema.

Faraji akaligonga. Kimya. Akagonga kisiki. Nikapiga mayowe.

"Hili hapa," nikarudia, kidole changu palepale kwenye gego. Mimi nimezeeka nikiwa na kiburi, na kiburi ni kama meno ya mbele: hakitafuni chochote, lakini mtu hapendi kuonekana bila hicho.

"Mgonjwa amejibu. Vizuri sana!" kikasema Kifuasi chake.

"Umepatia tena, Bibi!" kikasema changu.

Daktari akashika koleo. Nikakisikia chuma baridi kikikumbatia gego langu. Na hapo ndipo akili ilipoamka, imechelewa kama kawaida yake. Nikaziona korosho. Nikaona sinia la shoga zangu Hadia na Esha kule Lindi, wanatafuna, na mimi katikati yao nanyonya korosho kama pipi mpaka zinalowa. Nikataka kusema ngoja, lakini mtu mwenye koleo mdomoni hana hoja. Nikamtazama tu machoni. Nadhani yeye pia aliniona.

Koleo likasimama.

"Bibi," akasema, jasho linamtoka. "Ume..."

Vifuasi vyote viwili vikanyamaza.

"Umekosea. Siyo hilo. Na lile la kwanza pia ulikosea."

Kifuasi changu kikapiga yowe. Semeni alikuwa hajatia chumvi, kililia kama mbuzi kweli. Watu wakakimbia barabarani, Semeni akaangukia kiti. Faraji hakungoja. Akahamisha koleo, akakamata kisiki, akakizungusha, akakivuta. Kilitoka cheusi, kinanuka kama mambo yangu mengi ya nyuma.

Na maumivu yakaenda. Yakaenda kabisa, kama mgeni aliyeona sufuria tupu. Nikabana magego yangu mawili. Yakakutana. Nikalia, na safari hii si kwa maumivu.

Sikuwahi kumaliza kumshukuru. Walinzi waliingia wakamchukua, wanamwomba radhi kila hatua.

Barazani palijaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi nzima, na kila mtu alitaka kuona anayesema neno lile anafanywaje. Faraji akasimamishwa mbele, kijana wa watu, amekunja mikono yake safi. Mama yake alikuwa amekaa chini, ameshika shavu. Waliniita mimi kama niliyedhulumiwa.

"Alikuambia neno hilo?" akauliza Afisa Mridhisho.

"Aliniambia."

"Uliumia?"

"Mwanangu, ndipo nilipoacha kuumia." Nikafungua mdomo nikamwonyesha. "Angalia. Yule pale aliniokolea hili. Nilikuwa nalitoa mwenyewe, na mashine zenu mbili zinanipigia vigelegele."

Minong'ono ikapita. Afisa akakohoa, akakunjua karatasi ya hukumu, tabasamu limemganda. "Daktari Faraji," akaanza. "Kwa kuwa umelitamka neno lililokatazwa, Baraza hili linakutamkia wazi kwamba ume..."

Akasimama.

"Kwamba ume..."

Akatazama Kifuasi cha Faraji shingoni, kinamngojea. Akatazama walinzi waliosimama tayari kumkamata mtu yeyote atakayelisema. Ukumbi mzima ukaona anachokiona. Ili kijana yule ahukumiwe ilikuwa lazima aambiwe amekosea, na atakayemwambia ndiye wa kukamatwa kabla yake.

"Umefanya vizuri... kwa namna ya..." Akafuta jasho. "Umepatia jambo lingine..."

Mzee yule aliyeuliza habari za njaa ndiye aliyeanza kucheka. Nikamfuata, maana kicheko changu hakina sheria. Kisha mama yake Faraji, shavu bado ameshika. Wakaja wengine. Afisa Mridhisho akakaa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulipumzika, akaonekana mtu wa kawaida, tena aliyechoka. Baraza likaahirishwa mpaka litakapopatikana neno. Nadhani bado wanalitafuta.

Faraji alinisindikiza. Tulipofika mtoni akaniita pembeni, akavua Kifuasi chake akakiweka kwenye jiwe.

"Bibi, nina ombi. Mimi nimekuambia. Mimi sijawahi kuambiwa na mtu."

Nikamwelewa. Nikamshika bega. "Umekosea, mwanangu. Lile gego la kwanza lilikuwa zima. Uligonga ukaona, ukajua, na bado ukaling'oa kwa sababu kikongwe mwenye joho alikutisha. Ulikosea vibaya."

Akafumba macho. Nilidhani ataanguka. Akapumua kama mtu aliyekuwa akiogelea tangu utotoni na leo mguu wake umegusa mchanga.

"Kumbe ndivyo linavyokuwa," akasema. "Linauma, kisha unajua ulipo."

Kisha akapanda darajani. Watu walikuwa bado kwenye foleni yao, wanakwenda, wanapigiwa makofi, wanarudi. Akapita katikati yao mpaka ubao wa mwisho, akageuka, akasema kwa ile sauti yake ya chini, lakini maji yaliibeba:

"Jamani, hatujavuka."

Makofi yakakatika. Fundi mkuu alikuwapo, na nilimwona akilitazama lile pengo, halafu ng'ambo, halafu pengo tena, midomo yake inahesabu mbao. Alipofika saba hakuishia hapo.

Mimi nilirudi kwetu. Kifuasi nilikiacha langoni, na nilipokuwa naondoka nilikisikia kikiniambia nimeondoka vizuri sana. Joho nililichukua. Linachuja tui la nazi kuliko chujio lolote la dukani.

Juzi tulikuwa tumekaa barazani kwangu, mimi na Hadia na Esha, tuna kisinia cha korosho za moto. Nilikuwa nimewasimulia yote haya, na jinsi nilivyorudi mtu mpya, ninayependa kukosolewa.

"Haya, gawa basi," akasema Hadia. "Kumi na mbili, tuko watatu."

Nikagawa. Nikajiwekea tano.

Hadia akaangalia mafungu. Akaniangalia mimi. "Umekosea, wewe bibi mwizi. Ni nne nne."

"Nne nne," akasema Esha, "au nikung'oe hayo mawili yaliyobaki."

Neno lile lilinichoma palepale mgongoni, sitawaficha. Nilitamani kidogo, kidogo tu, Kifuasi changu kiongeze korosho tatu kutoka hewani. Lakini kisinia kilikuwa kisinia, na rafiki zangu walikuwa wananitazama.

Nikairudisha ile ya tano. Ilikuwa imeshaliwa nusu.